Mashini ya sataranji ya zamani: ya butoni, ya taa, ya ekrani ao ya safari, uchukue gani?

Ndugu anapiga simu kutoka Liège anasema "niko hapa soko ya vitu vya zamani, kuko mashini mbili za sataranji, nikuletee gani?" na wewe una dakika mbili za kujibu kabla mwenye kuuza hajazipa mutu mwingine. Ao unaona moja pale soko ya Nyawera katikati ya redio na mashini za kahawa, mwenye kuuza ata hajui ni kitu gani, anakuambia bei ya toyi. Unajibu nini? Nimeandika hii ju ya hizo dakika mbili, ju ya wazazi na makochi wa hapa Bukavu wanaoniuliza kila mara, na ju ninaamini kabisa hizi mashini bado ziko na kazi kwetu leo, ata kama telefoni yako iko na Stockfish, programu ya sataranji ya bure yenye inaweza kumupiga bingwa wa dunia.

Kazi gani? Mutoto akiwa na telefoni anacheza hatua tatu, kisha mesaji inaingia, kisha video, kisha muchezo umekufa. Hii mashini inajua sataranji tu. Haina intaneti, haina matangazo, haiombi megabaiti, na mutoto anashika pioni ya kweli na mukono wake. Na nguvu yake iko karibu na nguvu ya mutu wa kilabu, kwa hiyo unaweza kuishinda, na ukiishinda unajua umeshinda kweli.

Historia fupi ju itakusaidia kusoma majina. Fidelity Electronics ya Marekani ilitoa Chess Challenger ya kwanza mwaka 1977, njo mashini ya kwanza ya namna hii kuuzwa kwa watu wa kawaida. Nyuma yake haraka wakaingia Novag na SciSys kule Hong Kong (SciSys njo ilikuja kuitwa Saitek, na ikaweka jina la Kasparov kwenye mashini zake), na kule Munich kukawa Hegener & Glaser wenye Mephisto. Mwaka 1989 Hegener & Glaser walinunua Fidelity, mwaka 1994 Saitek wakanunua Hegener & Glaser. Njo maana unaweza kuona sanduku imeandikwa Mephisto na ndani iko kazi ya Saitek, na kule Marekani duka za Radio Shack ziliuza za Saitek zikiwa na jina Tandy. Jina la juu siyo kila kitu, geuza mashini usome na chini.

Tupime na nini

Watu wote wananiuliza kwanza "iko na Elo ngapi?" (Elo ni namba ya kupima nguvu ya mucheza sataranji) na mimi ninaona hiyo ni swali la mwisho. Hapa kwetu ninapima mambo mane, na ninayapima kwa mupango huu.

Chakula. Inakula pile ao inataka ukuta? Tuko karibu na bwawa la umeme la Ruzizi kabisa na bado delestaje (kukatwa umeme) inatukuta kila juma, kwa hiyo mashini yenye inaishi paka na umeme wa ukuta itakuacha katikati ya muchezo, na nyingi za zamani zikikosa umeme zinasahau muchezo wote. Halafu kuko jambo la volti: zile zilizotoka Marekani zilikuja na transfo ya volti 120, nzito, yenye waya za shaba ndani, siyo kama sharja ya telefoni yenye inakubali 100 mpaka 240. Ukiichomeka kwenye 220 yetu inakufa palepale na harufu. Za Ulaya hazina shida hiyo.

Kuingiza hatua. Namna gani unaiambia umecheza nini: unaandika na butoni, unabonyeza kaze (chumba kimoja cha zile 64) ya ubao, ao unatia kete ndani ya tundu. Kitu hiki njo kinaamua kama mutoto ataendelea kucheza ao ataiacha nyuma ya juma moja.

Nguvu na nivo. Siyo nguvu ya juu tu, ata chini inafikia wapi. Mashini yenye haijui kucheza vibaya inaua moyo wa mwenye kuanza.

Magonjwa. Kitu gani kinaharibika, na fundi wa Kadutu mwenye kutengeneza redio anaweza kukirudisha ao hapana.

Sasa nachukua nne, moja kwa kila aina, ju ukielewa hizi nne utaelewa na nyingine zote zinazofanana nazo.

Ya butoni: Chess Challenger 7

Hii ni ya Fidelity, mwaka 1979, programu ya Ron Nelson, prosesa Z80, na programu yote inakaa ndani ya kilobaiti 4. Fikiri kidogo: picha moja ya telefoni yako ni kubwa kuliko hiyo mara mia na zaidi, na ndani ya hizo kilobaiti 4 kuko sheria zote, nivo 7 na akili ya kutosha kukuchukulia malkia ukilala.

Chakula: ya ukuta tu. Namba zake nyekundu zinazowaka na prosesa ya wakati ule vinakula umeme mingi, fasi ya pile hakuna. Kama imetoka Marekani, transfo yake usiiguse, tafuta nyingine ya 220, na soma kibandiko muzuri ju kuko transfo zinatoa AC na nyingine DC, siyo kitu kimoja.

Kuingiza hatua: hapa inataka maelezo kidogo. Ubao uko pembeni na haujui kitu, unasogeza kete wewe mwenyewe kwa pande zote mbili. Butoni za kuandikia ziko nane, na kila moja iko na herufi na namba pamoja: A1, B2, C3, D4, E5, F6, G7, H8. Ukitaka kucheza e2 mpaka e4 unabonyeza E5 (inachukua E), B2 (inachukua 2), E5, halafu D4, kisha EN ya kuingiza. Mara ya kwanza mutu anashangaa, lakini nyuma ya michezo michache vidole vinajua vyenyewe. Kuko LV ya kubadilisha nivo, CL ya kufuta, PB ya kupanga pozisho yako (namna kete zimekaa kwenye ubao). Mashini inajibu na herufi na namba nne nyekundu, wewe unamusogezea kete yake.

Faida kubwa ya hiyo taabu ni kwamba mutoto anajifunza kusoma na kuandika hatua bila kufundishwa. Nimeona watoto wa kartie wanataja kaze kwa jina bila kutazama ubao, na hiyo inatoka paka kwa kuandika kila hatua. Ubaya wake: ukikosea kusogeza kete yake kwa ubao, wewe na mashini munakuwa munacheza michezo miwili tofauti na utajua tu wakati inakataa hatua yako.

Nguvu: ya kawaida. Mwenye kuanza atateswa miezi ya kwanza, mutu wa kilabu ataipiga kila siku akitaka. Inapenda kula kete, mipango ya mbali haina, na mwisho wa muchezo inatembeza mfalme bila kujua anaenda wapi. Nivo za juu zinafikiri dakika nyingi na faida yake ni ndogo.

Magonjwa: machache, na hapa ninaisifu kabisa. Hakuna kaze za kubonyeza za kuharibika, hakuna ekrani ya kufifia. Butoni zikichoka zinasafishwa. Ndani kuko nafasi, vipande ni vikubwa, fundi anaona anachofanya.

Inafaa mwenye umeme wa uhakika ao solari ya nyumba, mwalimu anayetaka watoto wajue kuandika hatua, na mutu mwenye kupenda vitu vya historia.

Ya taa: Kasparov Turbo 16K

SciSys, mwaka 1986. Programu inatoka kwa timu ya Julio Kaplan, na Kaplan mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1967, kwa hiyo iliandikwa na mutu mwenye alikaa mbele ya ubao maisha yake. Hiyo 16K ya jina ni kilobaiti 16 za programu, mara nne ya ile ya juu.

Kuingiza hatua: unabonyeza kete yako kwenye kaze yake mpaka inalia, unaipeleka fasi inaenda, unabonyeza tena. Basi. Pembeni ya ubao kuko taa, nane za herufi na nane za namba, na mashini ikitaka kucheza inawasha mbili pamoja: taa ya g na taa ya 8, unatafuta fasi zinakutana, unaona farasi, unamubonyeza, kisha f na 6 zinawaka, unamupeleka. Mutoto mwenye hajui kusoma bado anaweza kuicheza, na ubao unabaki katikati ya macho yako muda wote, hautazami mbali. Kwangu hii njo namna iko karibu zaidi na kucheza na mutu.

Chakula: pile ao transfo, unachagua. Pile za zinki za bei ya chini zinaisha haraka na zinatoka maji, weka alkalini kama unaweza. Ukitaka pile za kuchaji fanya hesabu kwanza: pile ya kawaida ni volti 1.5, ya kuchaji 1.2, kwa hiyo mashini yenye inataka pile sita inapata 7.2 fasi ya 9, na zingine zinakubali, zingine zinazimika mara tu taa zinawaka.

Nguvu: muzuri kwa mutu wa kati. Mitego ya hatua mbili tatu inaona karibu yote, na hapo inakufundisha kuheshimu kila kete yenye haina mulinzi. Inajua hatua za kawaida za kufungua muchezo. Shida ni kwamba haikuambii kitu: taa mbili tu, hakuna namna nyepesi ya kuona inafikiri nini, na kujua uko nivo gani inabidi kusoma taa kwa kufuata kitabu. Na kitabu mara nyingi kimepotea! Kama ndugu yako yuko mbele yake, amuambie mwenye kuuza atafute kitabu kwanza.

Magonjwa: plastiki ya chini ya ubao. Kaze 64 hazina kila moja waya yake, zimepangwa kwa safu, nane kwa nane. Hiyo inakusaidia kujua ugonjwa: kaze moja tu ikikataa, ni uchafu ao plastiki imechoka pale, inavumilika na mara nyingi inasafishwa. Safu nzima ikikataa, sema zote za d kuanzia d1 mpaka d8, basi ni unganisho moja limekatika, na kumbe hiyo inaonekana mubaya zaidi lakini kwa fundi inaweza kuwa kazi ya sehemu moja. Kaze zinazokataa huku na huku bila mupango, acha, hapo unyevu umeingia na mvua yetu ya kuanzia Septemba itaendelea kuila.

Inafaa watoto wadogo, wazee wasiopenda kusoma ekrani ndogo, na kila mutu anayetaka kucheza tu.

Ya ekrani: Kasparov GK 2000

Saitek, mwaka 1992, programu ya Frans Morsch wa Uholanzi. Jina hilo likumbuke, ju Morsch njo mwenye aliandika Fritz, programu yenye ilishinda ubingwa wa dunia wa kompyuta kule Hong Kong mwaka 1995 na njiani ikapiga mashini ya IBM iliyokuwa inatayarishwa kuwa Deep Blue. Mutu huyo huyo aliingiza akili yake ndani ya mashini ya plastiki yenye prosesa ndogo ya H8, ya kuuzwa kwa familia. Kwa bei yake, mimi sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mwenye kujifunza.

Kuingiza hatua: kubonyeza kaze, kama ile ya taa, lakini taa zimesaidiwa na ekrani ndogo yenye inaandika hatua, saa, na ukibonyeza ya habari inakuonyesha inaona pozisho namna gani na inafikiri kucheza nini. Hapo kochi anafurahi. Unacheza, unasimama, unauliza watoto "nani yuko juu hapa?", wanajibu, kisha munatazama mashini imeandika nini. Kama mashini inasema iko juu kwa pioni moja na watoto hawaoni sababu, hiyo tayari ni somo ya saa nzima.

Chakula: pile ao transfo, na inakula kidogo kuliko zile za miaka ya nyuma. Ukiizima na pile zikiwa ndani inakumbuka muchezo, kwa hiyo delestaje haikuogopeshi, munaendelea kesho fasi muliachia.

Nguvu: hapa njo inaacha zile mbili nyuma. Usidanganywe na 2000 ya jina ukafikiri ni Elo ya FIDE (shirikisho la sataranji la dunia), watengenezaji walipenda kutia namba nzuri kwa jina, lakini kwa mitego ni hatari kwa mutu yeyote wa kilabu. Nivo ziko 64, unachagua kwa kubonyeza kaze, na ndani yake kuko za wenye kuanza, za saa, za kutafuta mati (pale mfalme hana tena fasi ya kukimbilia). Inashuka chini muzuri, na kwangu hilo ni muhimu kuliko inavyopanda.

Udhaifu iko nao, na ni udhaifu wa mashini zote hizi za bei ya chini: kumbukumbu ya kazi ni ndogo sana, haiwezi kuweka pozisho ilizokwisha kufikiria, kila mara inaanza hesabu upya. Kwa katikati ya muchezo hausikii. Kwa mwisho wa muchezo unasikia sana, ju mwisho wa mfalme na pioni unataka kuona mbali, pioni inakuwa malkia nyuma ya hatua kumi, na mashini inaona chache tu. Ukitaka kumupiga, badilisha malkia, badilisha ngome, ingia na pioni moja ya mbali upande mwingine ya wafalme, na tembea polepole. Ninawafundisha vijana hivyo makusudi kabisa, ju wakijifunza kushinda mashini kwa mwisho wa muchezo wamejifunza kitu chenye watu wengi wa kilabu hawana.

Magonjwa: kaze zile zile za plastiki, na juu yake ekrani. Ekrani yenye doa jeusi kama wino imepasuka ndani, haitarudi. Yenye mistari inakosekana mara nyingi ni unganisho la mpira lenye uchafu, fundi mwenye subira anafungua, anasafisha na alkoholi, inarudi.

Inafaa mwenye anataka mashini moja ya miaka mingi, kilabu, kochi, kijana anayepanda.

Ya safari: Travel Champion 2100

Nitaenda haraka ju akili yake ni ya familia ile ile, Saitek ya miaka ya 1990 na kazi ya Morsch. Kinachobadilika ni mwili. Ni ndogo, kete ziko na muguu unaingia ndani ya tundu, na ukisukuma kidogo mashini inajua. Inakula pile ndogo za kawaida zenye ziko ata kwa duka ya mwisho ya Bagira, na hiyo ni faida ya kweli. Ndani ya bato ya Bukavu kwenda Goma, ziwa likichafuka kidogo, kete hazianguki.

Nguvu: inatosha kabisa kwa mutu wa kilabu. Kuingiza hatua: inataka vidole vidogo na macho mazuri, na mutu mwenye miwani atachoka mbele ya saa moja. Magonjwa: kete zinapotea, njo ugonjwa wake mukubwa, na pioni ya namna ile hauipati tena hapa, unachonga ya muti. Kwa watoto wawili kukaa pamoja na kochi katikati, hapana, ubao ni mudogo sana.

Inafaa mwenye kusafiri, mwanafunzi wa interna, mutu anayecheza peke yake usiku bila kuamsha nyumba.

Na zile zinazoongea?

Kuko Voice Chess Challenger ya Fidelity, mwaka 1979, yenye inataja hatua kwa sauti, na ilitoka kwa Kiingereza, Kijerumani, Kihispania na Kifaransa pia. Ukiona ya Kifaransa, na unajua mutu kipofu mwenye anapenda sataranji, usiulize mara mbili. Kwa wengine ni kitu cha furaha lakini inabeba shida zile zile za ukuta na transfo, na fundi wa kurudisha sauti ni vigumu.

Mbele ya kulipa

Mashini nyingi zenye zinauzwa kama "imekufa" hazijafa. Kwa zile za Saitek geuza chini, tafuta tundu kidogo limeandikwa ACL, weka pile mupya, ingiza pini ao muguu ya klipi, bonyeza sekunde moja, toa. Ikikosa umeme vibaya kumbukumbu inachanganyikiwa na hiyo tundu njo inaisafisha. Mwenye kuuza hajui, na wewe usimuambie kwa sauti mpaka mumalize bei.

Fungua fasi ya pile. Ukiona unga mweupe ao kijani usikimbie, tazama kama chuma bado iko. Pile ya alkalini ikitoka maji, ndimu ao vinegre na kitambaa kidogo vinatosha, kisha alkoholi, kisha kukausha. Pile za zinki za bei ya chini zinatoa kitu cha asidi, hapo tumia bikarbonati na maji kidogo sana. Kama chuma imeliwa kabisa fundi anatia ya mashini nyingine, si kazi kubwa. Lakini kama maji yalishuka mpaka kwa kibao cha ndani, waya zake nyembamba zinaendelea kuliwa polepole na kesho itakufa kweli.

Kisha bonyeza kaze zote, safu kwa safu, sikiliza kila moja. Cheza michezo midogo: fanya roki (mfalme na ngome kusogea pamoja), ingiza pioni mpaka mwisho uone inakubali malkia, jaribu kula pioni anpasa (ile pioni imeruka hatua mbili na kupita pembeni ya yako). Panga mati ya hatua moja uone inaiona. Dakika tano tu. Na hesabu kete, zote 32, ju mfalme wa mashini hizi ukipotea utaweka kifuniko cha chupa na mutoto atachoka.

Kwa wenye solari: betri yako ya volti 12 inaweza kulisha mashini yenye inataka 9 DC. Fundi anatia kipande kinachoitwa 7809 na alumini ya kupoza, bei yake ni ndogo sana, na hautalipa pile tena. Muambie tu aangalie chanya na hasi kwenye kibandiko ya mashini, ju siyo zote ziko sawa, na ukigeuza umeua.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama ni mutoto wa miaka sita ao saba na anaanza, chukua ya taa. Bonyeza, taa, bonyeza, taa, anaelewa siku ile ile. Ya ekrani pia inafaa ukimuweka kwa nivo za chini, lakini ficha butoni za habari kwanza, zinamuvuta.

Kama ni kilabu ao shule yenye itakuwa na mashini moja kwa watoto kumi na tano, ya ekrani, sababu ya ile saa na ile namba ya kupima pozisho. Lakini kama shule iko na umeme wa uhakika mchana na mwalimu ni mutu wa kufuata, ile ya butoni itawatengenezea watoto wenye wanaandika hatua kama wanaandika jina lao, na mimi ningefurahi kuiona darasani.

Uko na nguvu tayari, unashinda watu wa kartie yako, unataka mupinzani: ya ekrani ao ya safari, chagua kwa ukubwa tu. Weka nivo ya dakika, siyo ya sekunde, na cheza mpaka mwisho ata ukiwa chini.

Nyumba haina umeme kabisa: ya safari kwanza ju ya pile zake ndogo, nyuma yake ya ekrani. Ya butoni usiichukue, ata ukipewa bure, mpaka siku ya solari.

Mzee mwenye macho yamechoka: ya taa, na kete kubwa. Kama haoni kabisa, yenye kuongea Kifaransa.

Na kama ndugu yako bado yuko kwa simu pale Liège na anashindwa kusoma jina, muulize maswali matatu tu: fasi ya pile iko? Kaze zikibonyezwa zinalia zote? Kete ziko 32? Akijibu ndiyo mara tatu, anunue, mambo ya Elo mutaongea akifika.